Usiingie kwa kochi ukiwa kimya: maongezi na vijana wa Nairobi wanaojiandaa kwa intavyuu za kesi

Hamjambo wote. Walimu wetu mlioketi hapo mbele, shikamooni. Na nyinyi wadogo zangu mliotoka Juja, Rongai, Kikuyu na kwingineko Jumamosi asubuhi na hii mvua, asanteni sana kwa kufika. Nimeambiwa wengi wenu mmepata ile barua pepe ya kampuni ya ushauri wa biashara, ile inasema umepita awamu ya kwanza na kabla ya intavyuu utapangiwa kikao na kochi, mtu wao wa ndani, akuonyeshe vile intavyuu ya kesi, ile unapewa shida ya mteja uitatue hapo hapo, inaenda. Wengine bado mnaingoja. Mimi nimefanya hii kazi ya ushauri miaka kadhaa na nimekaa ule upande wa kochi, kwa hivyo leo sitaki kuongea sana juu ya intavyuu yenyewe, nataka tuongee juu ya hicho kikao na vile unafaa kujitayarisha kabla hujaingia, juu naona watoto wazuri wenye akili wakikipoteza bure na inaniuma kweli.

Venye huwa inaenda ni hivi. Kijana anaingia, ama anaingia kwa Zoom, amevaa vizuri, ana daftari mpya, anasalimia kwa adabu, halafu anangoja afundishwe. Kochi akiuliza ungependa tuangalie nini leo, anajibu chochote tu, vile utaona. Basi kochi anaeleza, kijana anaandika, saa inaisha, asante sana, kwaheri. Na karibu kila kitu kochi alichoeleza kiko kwa tovuti ya kampuni, bure, angekisoma akiwa kwa matatu. Kitu hakiko kwa tovuti ni wewe. Vile unafikiria ukibanwa, pahali unakwama, kama unaropoka kabla hujapanga ama unapanga mpaka muda unaisha. Hicho ndicho kochi anaweza kukuonyesha. Lakini makanika hawezi kusikia kelele ya injini kama gari imezimwa, lazima uwashe. Lazima ufike kama ushajaribu kesi kadhaa, kwa sauti, na mtu mwingine, ndio ukikaa na kochi kuwe na kitu cha kurekebisha.

Kwa wale hii kitu ni mpya kwao wacha niiseme haraka. Kesi ni mazungumzo ya kama nusu saa hivi, unapewa shida ya biashara ama ya serikali, mfano kampuni ya maziwa faida yake imeshuka, ama benki inataka kuingia soko jipya, ama shirika linataka chanjo zifike vijiji vya mbali, na unaitatua hapo hapo mbele ya anayekuhoji, na karatasi na kalamu tu, kalkuleta hakuna. Wanaangalia unaipanga aje ile shida, unauliza data gani, hesabu zako zinasimama ama zinaanguka, na mwisho kama unaweza kusema kwa maneno machache mteja afanye nini. Kando na kesi kuna maswali juu yako mwenyewe, hayo nitayafikia.

Na mjue kampuni hazifanani. McKinsey, iliyoanzishwa na James O. McKinsey kule Chicago mwaka wa 1926, kwao kwa kawaida anayekuhoji ndiye anashika usukani, anakupa swali, mkimaliza anakupeleka kwa lingine. BCG, yaani Boston Consulting Group, ya 1963 na Bain ya 1973, zote mbili za kutoka Boston, mara nyingi wanakuachia wewe uendeshe, na ukinyamaza kesi imesimama. Halafu hapa Nairobi kuna kampuni nyingi zinafanya kazi za maendeleo, wateja wao ni wizara, kaunti, mashirika ya misaada, na kesi zao zinakuwa za kilimo, afya, maji. Kwa hivyo kabla ya kikao soma kampuni yako inahoji aje. Ukienda umefanya mazoezi ya kujibu maswali tu na hawa wako wanataka uendeshe, utakaa pale ukingoja swali na hakuna mtu atakuuliza.

Sasa nije kwa kitu kinamaliza watu wengi, nacho ni kukariri fremuweki, ile mipango ya kuvunja shida vipande imetengenezwa tayari. Mtu amepakua faili la kurasa mia mbili, amekariri miti ya faida, miti ya kuingia soko, miti ya kununua kampuni, na akisikia tu neno faida anaanza kuchora ule mti wake, mapato huku, gharama huku, bei, idadi, gharama zisizobadilika, gharama zinazobadilika, anachora kama anaandika sala. Hata hajauliza mteja anauza nini. Anayekuhoji amesikia huo mti asubuhi kutoka kwa mtu wa kwanza na wa pili na wa tatu. Mimi sisemi mti ni mbaya, mti ni sawa kabisa, tatizo ni kuuweka bila kuuvalisha nguo za ile biashara iko mbele yako.

Kuna mama anaitwa Barbara Minto aliyeajiriwa McKinsey mwaka wa 1963, ndiye aliyewafundisha kupanga mawazo kwa njia wanayoiita MECE, maana yake ni kwamba vipande vya mpango wako visiingiliane na vikiwekwa pamoja visiache pengo. Mtasikia hilo neno mpaka mchoke. Lakini angalia vile linafanya kazi kwa kitu unakijua.

Chukua matatu. Nyote mmepanda matatu leo. Kochi anakwambia, mteja wetu ana basi ya viti 33 rauti ya Rongai kuingia tauni, faida imeshuka, tujue ni kwa nini na afanye nini. Yule wa kukariri anasema nitaangalia mapato na gharama. Sawa, halafu? Yule amefikiria anasema hivi: mapato ya hii gari kwa siku ni tripu, mara viti, mara vile viti vinajaa, mara nauli. Viti haviongezeki, tangu zile sheria za matatu za waziri Michuki za 2004 kila abiria na kiti chake, kwa hivyo hapo mlango umefungwa, nabaki na tripu, kujaa na nauli. Gharama nitazigawa mara mbili, zile zinafuata tripu kama dizeli, na zile utalipa hata gari ikikaa steji siku nzima, dereva na makanga, pesa ya sako, parking, na ya kuweka kando ya sevisi na matairi. Umeona? Bado ni mti wa mapato na gharama, lakini huu mti umemea Rongai. Anayekuhoji anajua uko na yeye.

Halafu anakupa namba. Wacha tuseme, na hizi ni namba za mazoezi tu, nauli wastani ni 80, gari inajaa asilimia 75, zamani ilikuwa inapiga tripu 10 kwa siku, saa hii inapiga 8 kwa sababu ya jam. Dizeli ni 700 kwa tripu. Zile gharama zingine hazisongi, jumla 7,000 kwa siku. Fanyeni na mimi, msitoe simu. Viti 33 mara robo tatu ni 24.75, mara 80 ni 1,980 kwa tripu. Toa dizeli 700, inabaki 1,280. Tripu 10 ni 12,800, toa 7,000, mwenye gari alikuwa anaenda nyumbani na 5,800. Tripu 8 ni 10,240, toa 7,000, sasa anaenda na 3,240.

Hapa ndio watu wengi wanasimama. Wanasema jibu ni 3,240, wanamwangalia anayewahoji kama mwanafunzi anayengoja tiki. Usisimame hapo. Tripu zimepungua asilimia 20, faida imepungua karibu asilimia 44. Hiyo ndiyo habari. Sema hivyo kwa sauti, sema zile 7,000 hazikujali kama gari imetembea ama haijatembea, ndio maana tripu mbili tu zimekula karibu nusu ya pesa ya huyu mtu. Halafu sogea hatua nyingine bila kuulizwa: 7,000 gawanya kwa 1,280 ni kama tano na nusu, kwa hivyo chini ya tripu 6 gari inakula pesa yake mwenyewe. Halafu, mteja afanye nini? Kupandisha nauli ni rahisi kusema, lakini abiria wa Rongai ana gari ingine imepaki hapo nyuma, atashuka. Mimi ningeanza na ile asilimia 75. Gari inarudi ikiwa tupu saa ngapi, upande gani? Inangoja steji dakika ngapi ijaze? Kuna tripu ya alfajiri inaachwa? Unauliza data hiyo, na unasema kwa nini unaitaka. Mtu akifanya hivi mbele yangu mimi najua anaweza kukaa na mteja.

Nimekaa sana kwa matatu kwa sababu nataka mwamini kitu kimoja. Nyinyi mmekulia ndani ya biashara. Kuna mtu hapa mama yake ana duka, anajua ni kwa nini sukari inauzwa karibu bila faida na bado lazima iwe kwa rafu. Kuna mtu amekuwa ajenti wa M-Pesa, anajua shida ya kuishiwa floti saa kumi jioni watu wakiwa kwa laini. Kuna mtu baba yake anapeleka majani chai ama maziwa, anajua malipo ya mwisho wa mwezi na yale ya bonasi. Hizo ndizo kesi. Mkifika kwa kochi msiache hiyo akili mlangoni mkabebe akili ya faili mlilopakua.

Tukitoka hapo, ile ya kukadiria soko. Unaulizwa, pakiti ngapi za unga wa mahindi za kilo mbili zinanunuliwa na nyumba za Nairobi kwa wiki. Hakuna mtu anataka namba kamili, wanataka kuona unatembea aje. Ujue namba chache za nchi yako kwa kichwa, hiyo si kukariri, hiyo ni heshima. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, Nairobi watu kama milioni 4.4, na nyumba kama milioni 1.5, yaani karibu watu watatu kwa nyumba. Basi anza na nyumba, si watu, kwa sababu pakiti inanunuliwa na nyumba. Tuseme asilimia 80 wanapika ugali nyumbani, hiyo ni milioni 1.2. Tuseme nyumba ya watu watatu inamaliza pakiti moja na nusu kwa wiki, tumefika pakiti milioni 1.8. Sasa usifurahie bado, ipime. Pakiti milioni 1.8 ni kilo milioni 3.6, gawanya kwa watu milioni 4.4, ni kama gramu 800 kwa mtu kwa wiki, kama gramu 115 kwa siku. Inaingia akilini? Sahani moja hivi ya ugali kwa siku, kuna wanaokula zaidi na kuna wasiokula. Inaingia. Halafu taja uliyoacha nje kwa makusudi: hoteli, shule, na wale wanaosaga posho mill badala ya kununua pakiti. Kochi akisikia unapima jibu lako mwenyewe bila kusukumwa anakaa vizuri kwa kiti, nawaambia.

Na sifuri, jamani. Watu wanaanguka kwa sifuri kuliko kitu kingine chochote kwa hesabu. Milioni mara elfu inakuwa bilioni, jizoezeni mpaka itoke bila kufikiria. Kila siku kabla ya kikao fanya hesabu kama dakika kumi na tano, asilimia, kugawanya, VAT ya asilimia 16 kwa bei yoyote unaona kwa risiti ya supa, kwa kichwa. Na ukifanya hesabu mbele ya kochi ongea, sema sasa nazidisha hii na hii, ndio ukiteleza akuone umeteleza wapi. Ukihesabu kimya dakika mbili halafu utoe namba isiyo sawa, hawezi kukusaidia, hajui ulipotea njia gani.

Kuna kitu kingine nataka niseme polepole kwa sababu kinatuhusu sisi hasa. Wengi wetu tumelelewa kwamba mkubwa akiongea unanyamaza, mwalimu akisema umekosea umekosea, na kuuliza swali mara ya pili ni kama kukosa adabu. Mimi naheshimu malezi hayo, yamenilea. Lakini kwa kesi yanakuumiza. Mtu anakwambia mteja anataka kukua, wewe unaitikia kwa kichwa unaanza kuchora, na hujauliza kukua ni nini, ni mapato, ni faida, ni idadi ya matawi, kwa miaka mingapi. Kuuliza si ujinga, tuliambiwa tangu nasari. Rudia shida kwa maneno yako, uliza maswali mawili matatu ya maana, uliza lengo la mteja kwa namba kama lipo, halafu omba dakika moja ama mbili za kupanga. Utapewa. Hakuna mtu atakuona mjinga kwa kuomba dakika moja, watakuona mtu anajua kazi.

Na kochi akikupinga, akisema mimi sikubaliani, usikunje mkia mara moja ukasema ndio mkuu uko sahihi. Saa zingine anakupima aone kama utasimama. Jibu kwa upole, nimefikia hapo kwa sababu ya hii na hii, lakini kama kuna data inaonyesha kinyume ningebadilisha mawazo. Hiyo ni adabu pia. Na akiwa na haki, badilisha, haraka, bila kujieleza sana. Wale wanaonisumbua moyo ni wale kila ukiwapa rekebisho wanaeleza kwa nini walifanya hivyo, wanajitetea kama wako kotini, dakika tano zinaenda na hakuna mtu alikuwa amewashtaki.

Lugha je? Kesi nyingi zitakuwa kwa Kiingereza, na najua kuna mtu hapa anafikiria kwa Kikamba ama Kiluo ama Kiswahili cha Eastlands kisha anatafsiri. Fikiria kwa lugha yoyote unataka, andika noti zako kwa lugha yoyote unataka, lakini fanya mazoezi ya kusema kwa ile lugha utahojiwa nayo, sentensi fupi, polepole. Usitafute maneno makubwa. Maneno makubwa yanaficha wazo na hapa tunataka wazo lionekane. Kama umezoea kuongea haraka ukiwa na wasiwasi, mwambie kochi mapema akusikilize hasa hapo.

Sasa ile sehemu ya maswali juu yako. Watu wanaidharau, wanasema hiyo ni ya kujieleza tu, nitaongea. Usiongee tu. McKinsey kwa mfano wanaingia ndani ya hadithi moja kwa muda mrefu, wanakuuliza ulisema nini hasa, yeye akasema nini, ukafanya nini kesho yake. Ukileta hadithi ya sisi tulifanya, sisi tulipanga, watakuuliza wewe ulifanya nini, na ukikosa jibu imeisha. Tafuta hadithi tatu nne za kweli. Haihitaji kuwa ulianzisha kampuni. Ukiwa mweka hazina wa chama cha kanisa na kuna watu walikuwa hawalipi na ukawafanya walipe bila kuvunja chama, hiyo ni hadithi ya uongozi na ni nzuri kuliko ile ya semina ya siku mbili uliyopewa cheti. Ukiwa umegawanya kazi ya kikundi hapa kampasi na mmoja akakataa kufanya, ulimwendea aje? Iseme mbele ya rafiki, akuulize halafu ukafanya nini, akuulize tena na tena mpaka hadithi iishe. Na usiwahi kutoa siri za mahali ulifanya atachi, majina ya wateja, namba zao, hapana. Kazi ya ushauri ni kazi ya kutunza siri, na wanaangalia hilo.

Basi wiki ya kikao inakaa aje. Tafuta watu wawili, si mmoja, kwa sababu rafiki mmoja mtazoeana na mtaanza kuoneana huruma. Tafuta kesi za mazoezi kwa tovuti za hizo kampuni zenyewe, McKinsey, BCG na Bain wote wameweka, hazilipiwi. Nasema hivyo kwa sababu nimesikia kuna watu wanawauzia nyinyi kozi kwa pesa nyingi, wengine wakiahidi kazi, na kuna mtu ameomba pesa nyumbani alipie. Tafadhali msilipe mtu anayeahidi kazi. Mmoja wenu asome kesi na kuhoji, mwingine ajibu, wa tatu aandike vile anaona, halafu mbadilishane. Kuhoji kunafundisha kama kujibu, pengine zaidi, maana unaona mwenzako akipotea na unajua ni wapi. Jirekodi na simu angalau mara moja uisikilize. Utasikia zile eeeh na mmmh zako, utasikia pahali ulinyamaza, utasikia kwamba hitimisho lako halikuwa na jibu ndani.

Usifanye kesi thelathini kwa wiki moja. Sioni faida yake. Kesi chache, na baada ya kila moja kaa chini uandike ulikwama wapi na kwa nini, ndio zinazokubadilisha. Ukifanya hivyo, siku ya kikao utakuwa na karatasi moja, na kwa hiyo karatasi kuna sentensi kama hizi: nikipewa grafu nyingi sijui nianze na gani, hesabu yangu ni sawa lakini sisemi inamaanisha nini, mpango wangu wa mwanzo ni mrefu sana. Mtumie kochi hizo sentensi siku moja kabla, kwa barua pepe fupi ya heshima, na umwambie ungependa mfanye kesi moja nzima kisha akwambie ukweli. Mimi nikipata barua kama hiyo najitayarisha zaidi, na makochi wengi ninaowajua wako hivyo hivyo.

Siku yenyewe, karatasi nyeupe za kutosha, kalamu mbili. Kama ni kwa Zoom tafuta mahali stima na intaneti havitakusaliti, hata kama ni kwa binamu yako, na uwe na bando kwa simu kama akiba, na uingie mapema kidogo. Mwulize kochi mwanzoni kama maoni yake yanaingia kwa uamuzi wa kampuni. Mara nyingi hayaingii, yuko hapo akusaidie, lakini ni mtu wa ile kampuni na anaweza kukumbuka vile ulimsalimia, kwa hivyo heshima iko pale pale. Ukishajua hakupi alama, acha kuficha. Usimwonyeshe kesi unayoijua ili akusifu. Akikuuliza kama umeshaiona ile kesi na umeiona, sema umeiona.

Mwisho wa kesi kuna ile dakika anasema mkurugenzi wa mteja ameingia kwa lifti, mwambie umepata nini. Anza na jibu. Mwenye gari aongeze tripu ya alfajiri na abadilishe vile anajaza upande wa kurudi, kwa sababu ya moja mbili tatu, hatari ni hii, hatua inayofuata ni hii. Basi. Wengi wanaanza na historia, tulianza kwa kuangalia mapato, kisha tukaangalia gharama, na lifti imefika gorofa ya kumi hajasikia kitu. Kama kuna jambo moja ungemwomba kochi mlirudie mara mbili kwa kikao, ningeomba hilo.

Akikupa maoni andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyapambe. Mwombe akuambie kitu kimoja cha kufanyia kazi kabla ya intavyuu, kimoja tu, juu ukiwa na kumi hutafanya hata kimoja. Siku hiyo hiyo, kabla hujalala, fanya upya ile sehemu uliyokosea, peke yako, kwa sauti. Mwandikie asante ya mistari mitatu, umwambie ni nini utabadilisha. Na baada ya intavyuu zenyewe, tafadhali, usisambaze kesi uliyopewa kwa WhatsApp. Najua unataka kumsaidia mwenzako wa kesho. Msaidie leo kwa kumhoji.

Sasa nimeongea ya kutosha, na nikiendelea mtakuwa mmenisikiliza tu, kitu nimewakataza. Geukeni mpate jirani, wawili wawili, wale wako peke yao nyuma njooni mbele. Aliye kushoto anahoji, aliye kulia anajibu, baadaye mtabadilishana. Kesi ni hii: hospitali ya kaunti ina laini ndefu ya wagonjwa wa nje, watu wanafika alfajiri na wengine wanarudi nyumbani bila kuonwa. Gavana anataka kununua mashine ya pili ya eksirei ili laini ipungue. Anawauliza, anunue ama asinunue? Walimu, nanyi pia karibuni mjaribu. Wa kulia, rudia swali kwa maneno yako, uliza unachotaka kuuliza, halafu chukua dakika mbili za kupanga. Anzeni.